Sonona kwa wazee: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dalili na matibabu

Sonona ni nini, na ina tofauti gani na "kuwa na mawazo"?

Sonona ni ugonjwa unaoshusha moyo, hamu na nguvu za mtu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hadi shughuli zake za kawaida zikaharibika. Kenya wengi husema mfadhaiko au unyogovu. Mzee mwenyewe kwa kawaida hatumii jina lolote kati ya hayo. Atasema ana mawazo, moyo mzito, au mwili umekwisha.

Mawazo kila mtu anayo. Mzee ambaye ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, au ambaye mafao yake yamekwama, ana sababu ya kuwa na mawazo. Lakini jambo likitatuliwa, moyo wake hunyanyuka, na hata kabla halijatatuliwa bado atacheka mjukuu akifanya kituko. Kwenye sonona fedha inaingia na mtu bado hainuki kitandani.

Mhudumu wa afya huangalia dalili tisa. Mbili ndizo nguzo: moyo kushuka, na kukosa hamu au raha ya vitu alivyovipenda. Nyingine ni usingizi kuharibika au kuzidi, hamu ya chakula au uzito kubadilika, uchovu, mwendo na maneno kuwa mazito (au kinyume chake, kutotulia), kujiona hafai au kujilaumu, akili kushindwa kutulia kwenye jambo, na mawazo ya kifo. Zikifika tano, na angalau moja ya zile nguzo ikiwemo, hiyo ni sonona ya kutibiwa. Zikiwa tatu au nne kwa mzee, usizidharau; ufuatilie.

Si uzee tu huo?

Hapana. Wazee wengi hawana sonona. Magoti kuuma ni uzee. Kupanda ngazi polepole ni uzee. Kulala mapema na kuamka mapema pia ni uzee. Kuacha kula, kukataa wageni na kusema "sina faida tena" si uzee. Kauli ya "ni uzee tu" huchelewesha matibabu, na husemwa hata na baadhi ya wahudumu wa afya.

Mama hajawahi kulia wala hasemi ana huzuni. Bado inaweza kuwa sonona?

Ndiyo, na kwa wazee hali hii ni ya kawaida sana. Machozi na maneno ya huzuni huonekana zaidi kwa vijana. Mzee huonyesha sonona kwa mwili wake, kwa hasira za ghafla, na zaidi kwa vitu alivyoviacha.

Tatizo jingine limo katika lugha yetu wenyewe. Salamu za Kiswahili zina majibu yaliyokwisha pangwa: hujambo, sijambo, habari za asubuhi, nzuri, shikamoo, marahaba. Mzee mwenye sonona kali atajibu "salama tu, mwanangu" kwa sauti ile ile ya siku zote, kwa sababu ndiyo adabu. Mtu anayempigia mama yake simu kila jioni na kuridhika na "nzuri" hajapima chochote.

Uliza mambo yanayohesabika. Leo umekula nini, na ulimaliza? Mara ya mwisho kwenda msikitini, kanisani au kwenye kikoba ilikuwa lini? Nani anawalisha kuku siku hizi? Redio umesikiliza taarifa gani jana? Halafu andika orodha ya vitu alivyokuwa akifanya miezi sita iliyopita, na mbele ya kila kimoja uandike kama bado anafanya, amepunguza, au ameacha. Kilichoachwa kwa sababu ya goti kina maelezo. Kilichoachwa bila sababu ("basi tu, sitaki") ndicho cha kumpelekea daktari.

Usingizi pia una alama yake. Mzee mwenye sonona huweza kusinzia vizuri, kisha akaamka saa tisa au saa kumi usiku na asilale tena, na saa zile za alfajiri ndizo nzito kuliko zote. Jioni hupata nafuu kidogo. Familia inayomwona jioni tu huamini yuko sawa.

Baba analalamika mwili mzima unauma, lakini vipimo vyote viko safi. Anajifanya?

Hajifanyi. Sonona huongeza ukali wa maumivu, na maumivu ya muda mrefu huleta sonona. Viwili hivi hulishana. Malalamiko yanayosikika mara nyingi ni kichwa kuwaka moto, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa, choo kigumu, ganzi, na uchovu usioisha kwa kulala. Mzee huzungushwa kutoka duka la dawa moja hadi jingine, akirudi na diklofenaki, vidonge vya minyoo na dawa ya malaria bila kupimwa malaria. Mwenye maumivu yanayohamahama kwa miezi, anayepungua uzito na kuamka alfajiri, aulizwe kuhusu hamu na moyo wake siku ile ile anayochukuliwa damu. Kusubiri vipimo vyote viishe ndipo aulizwe hupoteza miezi.

Hata hivyo usiruke vipimo. Magonjwa mengine huvaa sura ya sonona au huichochea: tezi ya thairoidi iliyolala, upungufu wa damu, kisukari kisichodhibitiwa, kifua kikuu, VVU, ugonjwa wa Parkinson, na upungufu wa vitamini B12, hasa kwa aliyetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi. Baada ya kiharusi, karibu mtu 1 kati ya 3 hupata sonona, na hupona vibaya zaidi kwa sababu hana hamu ya mazoezi. Baadhi ya dawa nazo huchangia, kama methildopa ya presha, prednisoloni, na efavirenzi ya VVU kwa wachache ambao bado wanaitumia. Usiikatishe dawa yoyote kati ya hizo mwenyewe. Muulize aliyeiandika.

Anasahau sana. Nitajuaje kama ni sonona au ugonjwa wa kusahau?

Anza na muda. Kusahau kwa sonona kuna mwanzo unaokumbukwa: "tangu baada ya Pasaka", "tangu alipohamia hapa". Ugonjwa wa kusahau, yaani demensia, hunyemelea kwa miaka, na familia hushindwa kusema ulianza lini.

Kisha sikiliza majibu. Mwenye sonona akiulizwa leo ni siku gani hujibu "sijui, niacheni", hajaribu hata kidogo, na hulalamika mwenyewe kuwa akili yake imekufa. Mwenye demensia hujaribu, hukosea, hufunika kosa kwa mzaha, na kwa kawaida watoto ndio wanaolalamika. Hupotea njia za mtaa aliokulia. Mwenye sonona hapotei, ila hataki kutoka.

Vyote viwili vinaweza kuwa pamoja, na sonona inayoanza kwa mara ya kwanza uzeeni huweza kuwa mlango wa demensia. Kwa hiyo hutibiwa sonona kwanza, kisha kumbukumbu hupimwa upya baada ya miezi michache.

Lipo jambo la tatu ambalo halingoji kliniki ya wiki ijayo. Mzee aliyekuwa sawa jana na leo amechanganyikiwa, anaongea yasiyoeleweka, mara yuko macho mara amesinzia, huenda ana maambukizi, sukari imeshuka, maji yamepungua mwilini, au dawa imemzidi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Amefiwa na mume. Msiba unaishia wapi na sonona inaanzia wapi?

Majonzi huja kwa mawimbi. Wimbi likipita, mjane anakula, anapokea wageni, anasimulia habari za marehemu na hata kutabasamu. Anachokikosa ni mtu. Kwenye sonona uzito haupiti kama wimbi, unabaki siku baada ya siku, na lawama zimegeuka zikamwangukia mwenyewe: "mimi ndiye niliyemchelewesha hospitali, sistahili kuishi."

Desturi zetu humshika mfiwa mwanzoni: tanga, arobaini, na kwa wajane Waislamu eda ya miezi minne na siku kumi. Watu wamejaa, chakula kinaletwa. Hatari huja wageni wakiondoka, turubai likikunjwa na watoto wakirudi mjini. Panga mtu wa kumtazama hasa katika mwezi wa pili hadi wa sita. Mjane aliye edani ana ruhusa ya kwenda hospitali. Ugonjwa ni dharura, na hilo sheikh yeyote atalithibitisha. Majonzi makali yanayomzuia mtu kuishi baada ya miezi sita yana tiba yake ya mazungumzo, hata yasipofikia sonona.

Kuna kipimo tunachoweza kutumia nyumbani?

Kuna maswali mawili ya kuchuja. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na (1) kukosa hamu au raha ya kufanya mambo, na (2) kujisikia mnyonge, mwenye moyo mzito au asiye na tumaini? Hakuna kabisa ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumla ikiwa 3 au zaidi, mpeleke kwa mhudumu wa afya.

Kliniki zina orodha ndefu zaidi. Moja ilitungwa miaka ya 1980 kwa ajili ya wazee pekee, ina maswali 15 ya "ndiyo" au "hapana" kuhusu wiki iliyopita, na alama zaidi ya 5 huashiria sonona. Uzuri wake ni kwamba haiulizi sana habari za mwili, kwani ukimuuliza mtu wa miaka 78 kama amechoka, jibu unalijua. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha sonona. Anayekuuzia kipimo cha namna hiyo anakuibia.

Nani aulize? Baba mtu mzima hatamwambia mwanawe wa kiume kwamba analia usiku. Mjukuu anaweza kupata jibu ambalo watoto watatu wamelikosa, kwa sababu ya utani uliopo kati ya babu na mjukuu. Rika lake pia, yule waliyecheza naye bao miaka thelathini, hufaa.

Tumpeleke wapi, na tubebe nini?

Anzeni kituo cha afya au hospitali ya wilaya; Kenya, hospitali ya kaunti ndogo. Nyingi zina muuguzi wa afya ya akili au siku maalumu ya kliniki hiyo. Si lazima kukimbilia Mirembe kule Dodoma, Mathari ya Nairobi, Kidongo Chekundu ya Unguja au Butabika ya Kampala. Hizo ni za rufaa, kwa hali kali au zisizopona. Mzee akisikia jina la hospitali hizo kabla ya kitu kingine chochote, atakataa kuondoka nyumbani. Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inatambua kuanzia miaka 60, na wazee wasio na uwezo wana haki ya kutibiwa bila malipo. Ulizeni dirisha la wazee na mbebe kitambulisho.

Bebeni mfuko wenye dawa zote anazomeza, pamoja na za duka na za mitishamba. Bebeni ile orodha ya vitu alivyoviacha na tarehe. Mvalisheni miwani yake. Na mwombeni daktari amwone mzee peke yake kwa dakika kumi. Mtoto anayejibu kila swali kwa niaba ya mama yake ndiye kizuizi kikubwa zaidi chumbani mle.

Vipimo vya busara ni wingi wa damu, sukari, figo na chumvi za damu, thairoidi, VVU, na mkojo. Kipimo cha moyo kiongezwe kama ana ugonjwa wa moyo au atapewa amitriptilini. Macho na masikio yakaguliwe pia. Mtoto wa jicho na uziwi humfungia mtu ndani kimya kimya, na nta ya sikio huondolewa kwa dakika chache.

Dawa gani hutolewa, na kwa kiasi gani?

Inayopatikana kwa wingi kwenye vituo vya umma ni fluoksetini, na ndiyo inayopendekezwa kwa wazee kati ya zile mbili za kawaida (nyingine ni amitriptilini). Mzee huanza na miligramu 10 kwa siku, kisha 20 baada ya wiki moja au mbili akiivumilia. Kikomo kwake kwa kawaida ni 40. Kapsuli nyingi ni za 20, kwa hiyo baadhi ya madaktari huagiza kapsuli moja siku moja, siku ya pili kuruka, kwa wiki ya kwanza. Hilo linawezekana kwa sababu fluoksetini hukaa mwilini siku nyingi. Usilifanye kwa dawa nyingine. Inywewe asubuhi, maana usiku hufukuza usingizi. Mwezi wa Ramadhani hunywewa wakati wa daku, ingawa mzee anayekonda kwa ugonjwa ana ruhusa ya kutofunga na kutoa fidia.

Sertralini huanza na 25, kisha 50. Sitalopramu ina kikomo cha miligramu 20 kwa aliyezidi miaka 60, kwa sababu ya mapigo ya moyo.

Amitriptilini ni dawa ya zamani na ya bei nafuu, na hapo ndipo makosa yanapotokea kila siku. Hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo kwa mwenye tezi dume, huzidisha presha ya macho, huvuruga mapigo ya moyo, na hushusha presha mzee anaposimama usiku kwenda msalani. Nyonga nyingi zimevunjika kwa njia hiyo. Vidonge vya wiki chache vikimezwa kwa mpigo vinaua. Isitoshe, wazee wengi huachwa kwenye miligramu 25 za usiku kwa miaka. Kiasi hicho husaidia usingizi na maumivu ya mishipa ya fahamu. Sonona huhitaji 50 hadi 75 kwa mzee, chini ya uangalizi. Kwa maneno mengine, amebeba madhara yote bila kupata tiba.

Kanuni kwa wazee ni kuanza na kidogo na kupandisha taratibu. Wengi hushika nusu ya kwanza tu. Dozi ya kuanzia ikigeuka dozi ya kudumu, watu husema "dawa hazimfai", kumbe hajawahi kupewa dozi kamili.

Na kabla ya kidonge cha kwanza, daktari aambiwe kama mzee aliwahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kutolala, kutapanya mali au kujiona mtume. Mtu huyo huenda ana ugonjwa mwingine (baipola), na dawa za sonona peke yake zinaweza kumrudisha kwenye hali hiyo.

Ameanza dawa wiki iliyopita na anasema amezidi kuugua. Aache?

Asiache bila kumuuliza aliyemwandikia. Wiki ya kwanza na ya pili madhara hutangulia na nafuu huchelewa: kichefuchefu, choo chepesi, kichwa, wasiwasi. Mengi huisha yenyewe. Usingizi na hamu ya kula huanza kurudi wiki ya pili hadi ya nne, moyo wiki ya nne hadi ya sita, na kwa wazee hata ya nane au zaidi. Kama hakuna mabadiliko yoyote baada ya wiki nne za dozi kamili, arudi dozi ipandishwe au dawa ibadilishwe. Andika kwenye kalenda ya ukutani tarehe ya kuanza, vinginevyo kila mtu atakisia.

Mambo manne yanahitaji hospitali haraka:

- Kuchanganyikiwa, kulegea, kuumwa kichwa au kuanguka katika wiki za mwanzo. Sodiamu ya damu inaweza kuwa imeshuka, hasa akitumia dawa ya presha inayokojoza kama haidroklorothiazidi au bendrofluazidi. Kipimo cha damu kinajibu.
- Choo cheusi kama lami au kutapika damu. Dawa hizi pamoja na diklofenaki, ibuprofeni au aspirini huongeza hatari ya tumbo kuvuja damu.
- Kutetemeka, jasho, homa na kuhangaika baada ya kuongezewa tramadoli ya maumivu.
- Kutamka au kuonyesha nia ya kujidhuru.

Mwambieni daktari pia kama anatumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, dawa za kifafa, au tamoksifeni ya saratani ya matiti. Fluoksetini haipatani nazo vizuri.

Je, apewe diazepamu alale?

Kwa ufupi, hapana. Humwangusha, humpoteza kumbukumbu, na humzoesha. Kama tayari anaitumia kwa miezi, isikatwe ghafla. Ipunguzwe kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Atakunywa dawa mpaka lini? Amepona sasa.

Miezi 9 hadi 12 tangu alipopona, si tangu alipoanza. Hapa ndipo watu hupotea: mzee anacheka, shambani anakwenda, dawa zinawekwa kabatini, na baada ya miezi mitatu ugonjwa umerudi. Kama hii ni mara yake ya pili au ya tatu kuugua, huenda akaendelea kwa miaka. Kuacha kufanyike kwa kupunguza hatua kwa hatua kwa wiki nne au zaidi. Dawa hizi hazimfanyi mtu teja, ila kuzikata ghafla huleta kizunguzungu na wasiwasi.

Anaweza kupona bila dawa?

Sonona nyepesi, ndiyo. Ya wastani hupona vizuri zaidi dawa na mazungumzo vikienda pamoja. Kali, ile ya kukataa chakula, kukaa kimya kama jiwe au kusikia sauti za kumshutumu, inahitaji hospitali, na kwa baadhi yao tiba ya umeme chini ya usingizi wa dawa ndiyo hufanya kazi haraka kuliko zote. Hofu iliyoizunguka ni kubwa kuliko madhara yake, ambayo hasa ni kusahau mambo ya siku zile za matibabu.

Njia moja ambayo familia inaweza kuanza leo ni kurudisha shughuli. Msisubiri hamu ndipo afanye, kwa sababu hamu hufuata kazi. Chagueni kitu kimoja kutoka kwenye orodha ya alivyoviacha, kiwe kidogo hadi kionekane cha kuchekesha, kiwe na saa na kiwe na mwenza. Wiki ya kwanza, baada ya chai ya asubuhi, akae barazani dakika 10 na mjukuu. Wiki ya pili amwage mtama wa kuku mwenyewe. Wiki ya tatu atembee hadi kwa jirani na kurudi. Mwandikie kwenye daftari alichofanya na moyo ulikuwaje kabla na baada. Akikwama, hatua ilikuwa kubwa, igawanye. Kosa la kawaida ni kuanza na kumpeleka harusini.

Kutembea na mazoezi ya usawa wa mwili husaidia moyo na pia huzuia kuanguka. Lengo la dakika 150 kwa wiki ni la mwishoni. Anza na tano.

Njia ya pili ni kutatua tatizo moja kwa wakati. Nchini Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alifundisha bibi wa kawaida kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Kwa Kishona wagonjwa wale husema wana "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi, ambalo ni ndugu wa "mawazo" yetu. Katika vikao sita mgonjwa hutaja matatizo yote, huchagua moja, hupanga hatua anayoweza kuifanya wiki hiyo, na hurudi kueleza kilichotokea. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha dalili kupungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Angalieni kwamba bibi wale walikuwa wakitoa tiba. Uzee haukuwafanya wa kuhurumiwa.

Tumhamishie mjini ili apumzike?

Fikirini mara mbili. Kijijini alikuwa na shamba, kuku, kanisa au msikiti, na watu wanaomwita kwa jina lake. Mjini ana televisheni, geti lililofungwa, na binti wa kazi anayemkataza kugusa sufuria. Familia humnyang'anya mzee kazi zote kwa mapenzi, kisha hushangaa akisema hana faida. Kama kuhama hakuepukiki, aje kwanza kwa mwezi mmoja, apewe jukumu la kweli (kuchambua mchele, kusimamia maji, kumsomesha mjukuu Kurani au kumfundisha kilugha), apelekwe kwenye jumuiya mpya wiki ya kwanza, na awe na fedha mkononi mwake, hata kidogo, asiombe nauli ya bodaboda.

Wengine wanasema ni majini, au amerogwa.

Maombi na dua hazigombani na matibabu, na sheikh au mchungaji anayemtembelea mzee kila wiki anafanya kazi ya maana. Ugomvi huanza mtu akiambiwa aache dawa ili imani yake ionekane.

Ramli chonganishi, yaani upigaji ramli unaomtaja mtu kuwa mchawi, ni jambo jingine kabisa. Katika baadhi ya vijiji vya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, bibi anayejitenga, asiyelala, mwenye macho mekundu huweza kushukiwa uchawi, na wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma hizo. Wekundu wa macho ni moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe wa miaka mingi jikoni. Kujitenga na kutolala huenda ni sonona. Kwa bibi kama huyo, kupelekwa kliniki mapema ni suala la usalama wake pia.

Anasema "bora Mungu anichukue". Tufanye nini?

Wazee wengi husema wako tayari kwenda, kwa utulivu, na huku wanapanga mahindi ya msimu ujao. Hiyo si dharura. Sikilizeni kama kauli imeongezeka, kama imeambatana na kuacha kula au dawa za presha na kisukari, kugawa mali ghafla, au kuaga.

Muulizeni waziwazi, faraghani: "Baba, hali hii imewahi kukufikisha mahali pa kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akikubali, uliza kama amefikiria njia na lini. Mwenye mpango asiachwe peke yake hata kwenda chooni, na apelekwe hospitali siku hiyo. Ondoeni viuatilifu vya shamba na sumu ya panya nyumbani, si kuvificha darini. Dawa akabidhiwe mtu mwingine, zitolewe za siku moja moja. Wanaume wazee, wajane na wanywaji wa gongo au chang'aa waangaliwe zaidi.

Familia nyingi hunyamaza kwa kuogopa polisi. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakiuka Katiba. Popote ulipo, kazi ya kwanza ya hospitali ni kumtibu.

Anakataa kwenda hospitali.

Usitumie neno "akili" mwanzoni. Mpeleke kwa kile anachokikubali, usingizi au maumivu, na umpigie mhudumu mapema umweleze mengine. Mtume mtu anayemheshimu: kaka yake mkubwa, imamu, mwenyekiti wa kikoba. Muda wa kumshawishi upo, isipokuwa amekataa chakula na maji, amechanganyikiwa, au anatishia kujidhuru.

Niko Muscat (au London, au Minneapolis). Nawezaje kusaidia kwa simu?

Piga siku na saa zile zile. Tumia video, uangalie nguo, nywele, na kama mashavu yamebonyea. Baada ya salamu uliza yale yanayohesabika. Mwombe ushauri wa kweli: mbegu gani ipandwe, harusi ya fulani itolewe nini. Tuma sehemu ya fedha kwa jina lake mwenyewe, na umteue ndugu mmoja mwenye jukumu la tarehe za kliniki. Ndugu watano wenye jukumu moja ni sawa na hakuna. Usimtumie vidonge vya mitishamba vya kuuzwa madukani huko ng'ambo. Vile vya ua la Mtakatifu Yohana (St John's wort) hugongana vibaya na dawa za sonona, za VVU na wafarini.

Ikirudi, tutaitambuaje mapema?

Karibu kila mara hurudi kwa mlango ule ule. Kama mara ya kwanza alianza kwa kuamka saa tisa usiku na kuacha redio, zitakuja hizo tena. Andikeni dalili zake tatu za mwanzo nyuma ya daftari la kliniki, na mkubaliane naye akiwa mzima kwamba zikionekana mbili kwa wiki moja, mtarudi kliniki bila mjadala. Naye asaini.